Yule Mama wa Kinu

Nyamitanga, Mbarara
Jumatano, 12 Juni 2024

Yaya Annonciata, dada yangu mkubwa mpenzi,

Salvator ameniambia simu yako imeingia maji na fundi wa Base Camp ameishindwa. Basi nimemwomba Mwalimu kalamu. Salvator anakuja mjini na mahindi kila Jumatano na kurudi huko Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kesho yake, kwa hiyo barua zetu zitasafiri kwenye lori lake.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: kumpikia Mwalimu Kyarisiima, kumfulia, kumshika mkono akienda misa. Macho yake yamezidi kufifia. Sasa anaona mwanga wa dirisha tu, na mtu akipita mbele yake anaona kivuli. Lakini tangu Jumamosi nyumba imechangamka. Televisheni imeanza kuonyesha tamthilia iliyotokana na riwaya ya zamani ya Ulaya, ile ile aliyoifundisha sekondari kwa miaka thelathini na moja. Kipindi kinaanza saa kumi jioni. Saa tisa alikuwa ameshakaa, amevaa gauni la kanisani.

Sasa sikia tunavyotazama. Watu wale wanasema Kiingereza cha haraka, mimi nashika neno moja katika matano. Yeye anashika yote lakini haoni. Basi yeye ananiambia wanasema nini, mimi namwambia wanafanya nini. Kiswahili chake alikiokota kambi ya jeshi kwa marehemu mume wake aliyekuwa askari. Ananigonga goti: "Orpa, sasa yeye nafanya nini?" Namwambia, "Amesimama mlangoni, anafuta mikono kwenye aproni." Anatikisa kichwa. "Hapana. Kwa kitabu yeye nakaa chini."

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna mama mjane mwenye kinu cha maji cha kusagia ngano, kando ya mto. Ana binti mmoja, Ilvane. Huyo binti amechumbiwa na kijana anayeitwa Tomar, na Tomar amepelekwa vitani. Kipande cha kwanza kiliishia hapo: Tomar anapanda gari la farasi, Ilvane anakimbia nyuma yake mpaka kiatu kinamtoka mguuni.

Mkumbatie Sonia wangu. Mwambie sweta yake ya shule nimeipata, nitaituma na Salvator.

Mdogo wako,
Orpa


New Congo, Nakivale
Jumanne, 25 Juni 2024

Orpa mudogo wangu,

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha Sonia akaisoma kwa sauti mbele ya bamama ba jirani. Simu sitanunua kwa sasa. Hata nikipata, nitaendelea kuandika. Ku simu unanikatiza.

Filamu yako imefika hapa. Unamukumbuka Emery, ule kijana wa kibanda cha video karibu na soko? Kuna mutu wa Mbarara anayemurekodia ku flashi. Anaionyesha Siku ya Mungu, saa nane, kiisha ibada, na sisi tunakuwa juma moja nyuma yenu. Anapunguza sauti ya Bazungu na kutafsiri mwenyewe kwa mikro. Anafanya sauti ya mama, ya binti, hata ya farasi. Siku ya kwanza batu balicheka. Sasa hakuna anayecheka. Bamama tunajaa mpaka bengine banakaa juu ya majerikani.

Juzi tuliona barua ya kwanza ya Tomar inafika. Mama akaipokea mulangoni, akaiangalia, akaificha chini ya pipa la unga. Kibanda kizima kilipiga kelele. Godeberthe, ule mama Murundi ninayelima naye, alisimama akaambia skrini, "Mupe mutoto barua yake." Kama vile ule mama angemusikia.

Mimi nilibeba jerikani yangu nikaenda kuchota maji.

Sonia ni muzima. Amekuwa mutu wa pili darasani na anasema wa kwanza aliiba. Sweta ije haraka, asubuhi kuna baridi mingi.

Yaya wako,
Annonciata


Nyamitanga
Jumatano, 3 Julai 2024

Yaya mpenzi,

Tumeona kipande cha nne, na yule mama wa kinu nimemchukia kabisa. Barua tano sasa ziko chini ya lile pipa. Binti anakwenda barabarani kila asubuhi kumsubiri mleta barua, anarudi mikono mitupu, na mama yake anamtengea supu na kumwambia, "Kula, mwanangu." Nilimweleza Mwalimu jinsi binti anavyokula. Akaniuliza swali alilokuwa akiwauliza wanafunzi wake kila mwaka: kosa ni la nani? Anasema wasichana wote walisema mama. Mmoja tu, miaka mingi iliyopita, alisema kosa ni la vita.

Mimi nilisema mama.

Kisha nikamweleza habari za Modeste. Sijui kwa nini, sijawahi kumwambia. Nilimweleza siku ile kijiji kilipochomwa: mimi na Sonia tuko shambani nawe, mume wangu yuko soko la Baraka na baiskeli yake, na tangu siku ile hakuna neno. Miaka sita. Sijui alikufa kwa risasi au majini, sijui kaburi. Nikasema, "Mwalimu, Ilvane ana bahati. Wake ameandika, ila barua hazimfikii. Wangu hakuandika." Akaniuliza bado nasubiri? Nikamwambia hapana, nilimaliza kusubiri, nilipona. Ni kweli, yaya. Nimepona. Lakini mtu akinificha jambo kama lile, sijui ningemfanya nini.

Sweta ndiyo hii. Mikono ni mirefu, atakua.

Orpa


New Congo
Jumanne, 9 Julai 2024

Orpa,

Sweta imemukaa. Asante, au kama anavyosema Sonia sasa, "thank you very much", na kichwa anakiinamisha kama Muzungu wa filamu.

Usimuhukumu sana ule mama. Wewe unamuangalia ukiwa upande wa binti. Ana mutoto mumoja tu duniani. Anajua barua ya vita inaweza kumutia mutu wazimu wa kusubiri, na kiisha kusubiri wanamuletea kofia ya maiti. Mutu anaweza kufanya jambo baya kwa mapendo. Wewe hukumbuki mwaka wako wa kwanza hapa, mimi nakumbuka. Mwaka muzima hukusema. Nilikulisha uji kwa kijiko. Sonia alikuwa na miaka tatu, akawa ananiuliza kama mama yake ni bubu.

Nakuomba kitu kimoja. Ninyi mutaona mwisho mbele yetu. Usiniambie. Nataka niuone mwenyewe.

Annonciata


Nyamitanga
Jumatano, 31 Julai 2024

Yaya mpenzi,

Imekwisha Jumamosi. Umeniomba nisikuambie, sikuambii. Nitasema hili tu: tulilia wote wawili. Mwalimu amejua ule mwisho tangu akiwa msichana, na bado aliomba chai akaiacha ikapoa. Mtoto wake aliyeko Bwizibwera alikuwa ameleta maziwa, akatukuta na macho mekundu, akadhani kuna msiba.

Ukishaona, niandikie ulivyojisikia. Uandike mingi.

Orpa


New Congo
Jumanne, 6 Agosti 2024

Orpa mudogo wangu,

Sasa nimeelewa kwa nini mulilia.

Mbele ya yote nikuelezee tulivyoona. Ilvane amekwisha kuolewa na ule mufanyabiashara wa ngano. Mama ni mugonjwa, binti anakuja kumusaidia, anasogeza pipa la unga ili afagie, na barua ziko pale. Anasimama mulangoni, zote amezikumbatia kifuani, na mama yake amekaa karibu na moto hajageuka. Pale pale jenereta ikazimika. Batu bakalalamika. Emery akasema kwa mudomo, bila mikro, "Mukae, bamama. Nimekwisha kuiona, nitawaelezea."

Akatueleza. Ilvane alikaa chini, ku miguu ya mama yake, akasoma barua zote kwa sauti, moja kwa moja, mpaka jua likashuka. Kisha akasema, "Mama, ungeniambia." Mama akajibu, "Niliogopa." Binti akaweka kichwa ku magoti ya mama. Ndio mwisho. Godeberthe alilia mpaka tukamutoa inje apate hewa.

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku langu.

Orpa, ndani ya bahasha hii kuna barua tatu. Ni za Modeste. Modeste ni muzima.

Yuko kambi moja ya Tanzania, upande wa Kigoma. Siku ile ya moto alikimbilia ziwa na batu ba soko, bakavuka. Kisha alisikia kwa basafiri kwamba kuna badada wawili ba majina yetu Nakivale. Barua ya kwanza ilifika Februari ya mwaka jana, ililetwa na muchungaji mumoja. Ya pili, Agosti. Ya tatu, Januari mwaka huu, wewe ukiwa umekwisha kwenda Mbarara.

Sikukupa. Nilikumbuka ule ugonjwa wako. Nilijiambia, nikimupa habari hizi ataanza tena kusubiri, ataacha tena kula. Nilisema nitamupa akipata nguvu. Ukapata nguvu. Nikasema nitamupa akipata kazi. Ukapata kazi. Kila siku iliyopita ilifanya ile ya kesho kuwa ngumu zaidi.

Mimi siombi kichwa chako ku magoti yangu. Naomba tu uzisome, na unijibu.

Annonciata


New Congo
Jumanne, 20 Agosti 2024

Orpa,

Salvator anasema lori liliharibika Masha lakini barua alikupa mukononi siku ile ile. Anasema uliiweka ndani ya mufuko wa nguo na kumushukuru. Juma mbili zimepita.

Sikulazimishi. Sonia anauliza kwa nini hauandiki. Nilimuambia kwamba Mwalimu anakupa kazi mingi. Unaona, bado nadanganya.

Annonciata


Nyamitanga
Jumatano, 28 Agosti 2024

Yaya,

Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Sasa nitakueleza kwa utaratibu. Nikiacha utaratibu nitakutukana.

Barua zako nilikaa nazo siku mbili bila kufungua za Modeste. Niliujua mwandiko wake kwenye bahasha, ile M yake yenye mkia. Mwalimu ndiye aliyegundua. Nilikuwa namweleza picha za taarifa ya habari nikakatika katikati. Akazima televisheni mwenyewe, kwa kupapasa. "Wewe Orpa, sauti yako nasikia kama ya mutu nabeba maji kwa kichwa. Nani nakufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamsomea zote tatu.

Ya tatu, ile ya Januari, uliisoma? Lazima uliisoma. Ameandika: "Nikikosa jibu mpaka Pasaka, nitajua hamupo tena duniani, nitawalilia, nitafunga kilio." Chini ameweka namba ya simu.

Mwalimu alisema, "Piga." Nikasema kesho. Akasema, "Mimi nafundisha hii kitabu miaka thelathini na moja, kila mwaka hii musichana nachelewa. Wewe piga leo." Nikapiga nikiwa nimesimama jikoni.

Alipokea mwanamke. Akasema Modeste yuko shambani, mimi ni nani? Nikamjibu, mimi ni Orpa. Kisha akauliza polepole, "Orpa wa Sonia?" Nikasema ndiyo. Akaanza kulia. Akasema, "Mama, tulifanya maombi yenu. Nilipika mimi mwenyewe chakula cha kilio chenu." Anaitwa Alida. Modeste alingoja mpaka Pasaka, akaongeza mpaka Pentekoste, halafu akamchukua Alida, mjane kutoka kwao Fizi. Ana mimba ya miezi miwili. Alikuwa ananiomba msamaha, yaya. Yeye, aniombe msamaha mimi.

Modeste alipiga asubuhi yake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Sonia?" Nikasema yupo, ana miaka tisa, ni mtu wa pili darasani. Baada ya hapo hatukuweza kusema vizuri. Mwishoni aliniuliza kwa nini sikujibu hata mara moja. Nilimwambia barua hazikunifikia. Sikutaja jina lako. Sijui kama nilikulinda wewe au nilijilinda mimi na aibu.

Ungenipa ile ya Januari. Hizo nyingine mbili ningekusamehe kwa siku moja. Lakini ile ya Januari, yaya, nilikuwa na kazi, nilikuwa na simu, nilikuwa nacheka.

Sasa nikuambie la tamthilia, maana sijui ninyi mlionyeshwa nini. Ilvane hakukaa kwenye miguu ya mtu. Alisimama pale mlangoni, akamwangalia mama yake, hakusema neno, akatoka. Aliingia mtoni na barua ndani ya aproni. Mama anabaki na kinu. Hapo ndipo tulipolia.

Mimi siingii mtoni, usiogope. Nina mtoto, na kuna mzee anayengoja uji wake. Lakini usiniambie tena ilikuwa kwa sababu ya ugonjwa wangu. Wewe unanijua, nami nakujua. Niambie kweli.

Orpa


New Congo
Jumanne, 3 Septemba 2024

Orpa,

Kiisha kusoma barua yako nilikwenda kwa Emery. Nilimukuta anafagia kibanda. Nikamuuliza, "Emery, jenereta ilikufa kweli siku ile?" Akaendelea kufagia. "Mama Annonciata, niliizima mimi mwenyewe." Nikamuuliza sababu. Akasema, "Niliiangalia mbele, peke yangu. Ule binti anaingia ku maji, na picha inabaki pale mpaka maji yanatulia. Mama yangu anakaa musitari wa mbele. Sisi tulivuka ziwa tukiwa saba, tukafika batano. Nimuonyeshe ile?" Nilikuwa nimekwenda kumutukana. Nilichukua ufagio, nikamusaidia.

Sasa kweli yote. Kama Emery angeonyesha mwisho wenyewe, singekuandikia. Ningerudi nyumbani na kuchoma zile barua. Nilikuambia kwa sababu niliamini kwamba binti alisamehe.

Na ugonjwa wako haukuwa sababu. Barua ya kwanza ilipofika ulikuwa umekwisha kupona, unauza nyanya, unaimba ku kanisa. Nilijua unaweza kuibeba. Niliifungua nikasoma fasi alipoandika, "Nikipata fasi ya kulala batu batatu, Orpa na Sonia watakuja kukaa nami." Sonia alikuwa inje anaosha sahani.

Unajua Prince wangu alikufa njiani, mbele ya mupaka, na homa, na miaka yake ine. Tulimuzika kando ya barabara ku fasi ambayo sijui jina. Asubuhi ile wewe ulikuwa umeacha kusema. Sonia alikuwa analia chini, hakuna anayemubeba. Nikamuweka ku mugongo. Ule mugongo ulikuwa wa Prince, Orpa. Sonia alipanda, na mimi sikumushusha tena.

Ndiyo hiyo. Niliogopa nitabaki peke yangu ndani ya nyumba hii. Nilichukua mume wako, nikachukua baba ya mutoto, ili nisibaki peke yangu. Hakuna sababu ingine.

Annonciata


Nyamitanga
Jumatano, 11 Septemba 2024

Yaya,

Nimesoma. Asante kwa kusema kweli.

Nakuja Jumamosi. Nitamchukua Sonia. Mwalimu amekubali akae hapa, na amemtafutia shule karibu. Muhula unaanza Jumatatu. Usimwambie lolote kabla sijafika. Baba yake atapiga simu yangu saa tisa mchana. Kabla ya hapo tutamweleza, mimi sehemu yangu, na wewe yako kwa mdomo wako.

Orpa


New Congo
Jumanne, 1 Oktoba 2024

Orpa mudogo wangu,

Nimeacha juma mbili zipite ili nisikuandikie maneno ya kukulilia.

Ile Jumamosi haukuketi. Nilikutolea kiti ukasimama na mufuko ku bega. Sikukasirika. Nashukuru uliniacha niseme mwenyewe. Nilipomuambia Sonia, "Papa wako aliandika, na mimi nilificha," hakulia. Alikuwa amenishika mukono. Aliutoa wake ndani ya wangu polepole, kama mutu asiyetaka kunitia haya. Hiyo ndiyo ninayokumbuka nikichota maji, nikipika, kila fasi.

Na nakumbuka alivyozungumuza na Modeste. Tulimusikia wote analia ndani ya simu, muzee muzima, na Sonia akamuambia, "Papa, sema, usilie, simu itakatika." Kisha akamuhesabia bamwalimu bake wote.

Nimewaandikia Modeste na Alida, kila mutu barua yake. Emery alinisaidia kupata mutu anayekwenda Kigoma. Kwa Modeste nimesema jina langu na nilichofanya, ili usiendelee kunibebea. Kwa Alida nimeomba musamaha kwa sababu nilimuingiza ku nyumba iliyokuwa na mwenyewe bila yeye kujua. Mutoto wake hana kosa. Nimemutumia kitenge kizuri cha kumubebea.

Jambo lingine. Siku ya Mungu Emery alisimama mbele ya bamama na kukubali kwamba alitudanganya. Akasema anayetaka kuona mwisho wenyewe abaki, asiyetaka aende, hakuna lawama. Mama yake ndiye alisema wa kwanza, "Tuonyeshe." Hakuna aliyetoka. Godeberthe alinishika mukono, nami nikamushika. Tuliona binti anatoka. Tuliona maji. Na kiisha tuliona ule mama asubuhi yake, anafungua kinu, kwa sababu batu wamekuja na ngano yao na banahitaji unga. Haangalii mutu. Anasaga.

Bamama balikaa muda murefu kiisha filamu. Walianza kutaja majina ya batu babo, mumoja mumoja, bila kelele. Mimi nilitaja Prince. Nilikuwa sijataja jina lake mbele ya batu tangu tufike hapa.

Kwetu hakuna aliyeingia ku maji. Namushukuru Mungu kwa hiyo, na sijifanyi kwamba inatosha.

Ndani kuna daftari la Sonia alilosahau, na barua yake ya shule ya hapa, pengine bataiulizia huko. Hakuna haja ya kunijibu.

Annonciata


Nyamitanga
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Yaya Annonciata,

Daftari limefika.

Sonia alikaa majuma matatu bila kukutaja. Nilidhani ndivyo itakavyokuwa, na siwezi kukuficha, upande mmoja nilifurahi. Kisha juzi, tukichambua maharage, akauliza, "Mama mukubwa anachotewa maji na nani?" Nikasema unachota mwenyewe. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Mgongo wake unauma wakati wa mvua." Mvua imeanza hapa. Nadhani na huko pia.

Modeste anapiga kila Jumapili. Barua yako ameipata. Alisema tu kwamba uliandika vizuri na hukuzunguka. Alida amekushukuru kwa kitenge. Mimi na Modeste tumekubaliana kwamba mimi ni mama wa Sonia na yeye ni baba wa Sonia, na tutasimama hapo. Siku ya kwanza nilisema maneno hayo nikalala kutwa. Sasa nayasema nikiwa nimesimama.

Mwalimu amempenda mtoto kuliko anavyonipenda mimi. Anasema Sonia anaeleza picha vizuri zaidi, hasahau rangi. Alinisikia nikisoma barua yako, nikaishia kwa yule mama anayesaga. Akaniuliza kama nakumbuka swali lake la wanafunzi. Nikamwambia nakumbuka, lakini sina jibu tena. Akasema vizuri, basi nimefaulu.

Yaya, sijakusamehe bado. Nimejaribu mara mbili, haikukaa. Ningeweza kukuandikia kwamba yamekwisha, ukalala vizuri, lakini tumeshadanganyana vya kutosha. Ila nimechoka kungoja nimalize kusamehe ndipo nikuone. Huenda itachukua muda, na muda huo sitaki tuupitishe kila mtu kwenye chumba chake.

Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Juma hilo Salvator anakuja Jumamosi pia, na amesema atakupa nafasi mbele, karibu naye. Mwambie akushushe njia ya kanisa kuu, upande barabara ya udongo mpaka uone ukuta wa kijani. Uliza kwa Mwalimu Kyarisiima, kila mtu anamjua. Utakaa mpaka Alhamisi lori likirudi huko. Kuna kitanda. Lete nguo nzito.

Usibebe chakula. Sonia anataka kukupikia yeye. Amesema atakuwa amesimama getini tangu saa nne, na nimemwambia lori halifiki kabla ya saa sita, na amesema anajua.

Orpa